Pombe ya mavuno Nyalikungu, na kikombe cha wifi yangu

NILISHUKA stendi ya Maswa saa tisa alasiri nikiwa na begi la mgongoni, kanga doti mbili za mzazi na kilo mbili za sukari. Ilikuwa Julai, mwezi ambao asubuhi za Simiyu zina baridi ya kuvaa sweta na mchana una upepo wa vumbi. Nilikuwa nakwenda kumwona wifi yangu, mke wa kaka, aliyejifungua wiki tano kabla. Lakini shangazi aliponipigia simu kunihimiza, hakuanza na mtoto. Alisema, "Njoo wiki hii. Mtama tumeshavuna, kimea kiko juani."

Kwa mtu wa Usukumani maneno hayo hayahitaji maelezo. Kimea kikiwa juani, pombe ya mavuno iko njiani.

Kutoka Mwanza kwenda Maswa unaweza kupita Magu, Lamadi na Bariadi, au ukashuka barabara ya Shinyanga hadi Mwigumbi, kisha ukakata kushoto. Mimi nilipita Mwigumbi. Nilipokuwa mtoto kipande hicho kilikuwa cha vumbi, na mvua ikinyesha udongo mweusi wa mbuga ulikuwa unashika matairi hadi abiria wote mnashuka kusukuma. Siku hizi ni lami, kilomita 50 na ushei hadi Maswa, na kutoka Maswa hadi Bariadi, makao makuu ya mkoa, ni karibu 50 nyingine. Hata jina la mkoa limebadilika. Nilizaliwa huku kukiitwa Shinyanga; Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012.

Pembeni mwa barabara mabua ya mtama yalikuwa yamesimama yamekauka, ng'ombe wameachiwa wale. Kwenye baadhi ya nyumba pamba ilikuwa imerundikwa barazani, nyeupe kama mto uliopasuka, ikingoja kupelekwa kwenye mizani.

Nyalikungu ni kata iliyo ndani ya mji wa Maswa, lakini ukitoka katikati ya mji kidogo tu unakutana na ua wa minyaa, mikokoteni ya ng'ombe na watoto wanaokusalimia kwa Kisukuma kabla ya Kiswahili. "Mwangaluka," aliniambia bibi mmoja aliyeketi chini ya mwembe, ingawa asubuhi ilishapita zamani. Nikacheka, nikampa shikamoo, akanielekeza nyumba ya shangazi kana kwamba ningeweza kuisahau.

Kila pombe na msimu wake

Msomaji, kabla sijafika kwenye mtungi, nikueleze kwa nini pombe hii ina mwezi wake.

Wenzetu wa Ulaya nao walikuwa na bia za msimu. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, alipiga marufuku kupika bia kati ya Aprili 23 na Septemba 29, kwa sababu joto la miezi hiyo liliiharibu. Bia ya mwisho ilipikwa Machi, ikatunzwa mahali pa baridi, na iliyobaki ikamalizwa majira ya majani kupukutika, mavuno mapya yakiwa yamefika. Sherehe maarufu ya Oktoberfest mjini Munich ilianza na harusi ya mwana wa mfalme, Oktoba 1810. Kisha miaka ya 1870 mhandisi Carl von Linde akatengeneza mashine za kupoza, viwanda vya bia vikawa miongoni mwa wateja wake wa kwanza, na marufuku ya hali ya hewa ikaisha. Bia ikapikwa mwaka mzima. Leo viwanda vidogo vya Marekani vinatoa bia ya maboga kila Septemba, lakini huo ni msimu wa kuchagua. Hakuna anayelazimishwa na jua wala baridi.

Usukumani jua halikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa nafaka. Marehemu bibi yangu alikuwa na utaratibu mmoja ambao shangazi ameurithi: kwanza kihenge kijae, halafu ndipo mtungi uwekwe. Mtama wa chakula cha mwaka unapimwa, wa mbegu unatengwa, na kinachobaki ndicho kinachopikwa pombe. Mwaka wa mvua nzuri mitungi ilikuwa mingi, mwaka wa njaa haukuwapo hata mmoja. Julai na Agosti, pamba imeuzwa na majembe yamewekwa, ndiyo miezi ya harusi na ya ngoma, Bagika na Bagalu wakishindana nani atavuta watu wengi zaidi. Novemba mvua zikianza, mtungi ulikuwa umeoshwa na kufunikwa. Mtu mzima aliyependa pombe alipumzika kwa lazima.

Sikuwahi kuufikiria utaratibu huo kama jambo la afya. Safari hii ndiyo iliyonifungua macho, na haikunifungua kwa upole.

Kuonja siku kwa siku

Nilifika Jumatano. Kimea kilikuwa kimeanikwa kwenye turubai nyuma ya nyumba. Shangazi alikuwa ameloweka mtama mwekundu usiku kucha na mchana wake, akaufunika kwa magunia mabichi hadi ukachipua, kisha akautoa juani. Aliniketisha tuupukute pamoja. Unasugua kwa viganja viwili, vichipukizi na vimizizi vilivyokauka vinatoka, unapepeta kwa ungo.

"Usiache mizizi," aliniambia. "Inaleta uchungu, na mama alikuwa anasema ina sumu."

Bibi alikuwa sahihi. Mtama mchanga una kemikali inayoweza kuzalisha sianidi, na ndiyo maana wafugaji wanajua kumzuia ng'ombe asiingie kwenye shamba la mtama unaochipua. Kukausha vizuri, kupukuta vichipukizi na kupika hupunguza hatari hiyo. Bibi hakujua neno sianidi, lakini aliijua kazi yake.

Kitu kingine alichonisisitizia ni kuchambua punje. Kila yenye ukungu au rangi ya ajabu ilitupwa. "Hii hata kuku simpi," alisema. Hapo nilikumbuka kazi yangu. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, haiondoki kwa kupikwa wala kwa kuchachushwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Na Januari 2015, huko Chitima nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Watu walisema imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuja kuonyesha sumu iliyotengenezwa na bakteria. Nafaka mbovu haiponi kwa kuitwa pombe.

Alhamisi asubuhi tulipika uji mwingi wa mtama kwenye sufuria kubwa, ukaachwa upoe hadi ukawa wa vuguvugu, ndipo shangazi akatia unga wa kimea na kukoroga kwa mwiko mrefu. Kama hujawahi kuona, ni kama mazingaombwe. Uji mzito uliokuwa unasimamisha mwiko unalegea mbele ya macho yako, unakuwa mwepesi kama maziwa. Vimeng'enya vilivyomo kwenye kimea vinakata wanga na kuugeuza sukari. Jioni ile ile shangazi alichota kata moja, akachuja, akanipa. Hiyo ndiyo togwa. Ilikuwa tamu, yenye harufu ya mkate wa kuungua kidogo, na uchachu kwa mbali sana. Watoto walipanga foleni na vikombe vyao vya plastiki. Wifi naye, aliyekuwa amejifunga kitenge na mtoto kifuani, alikunywa vikombe viwili, akaomba cha tatu.

Ijumaa ladha ilikuwa imegeuka. Utamu ulikuwa umepungua, uchachu umepanda, na juu kulikuwa na mapovu yanayopasuka taratibu. Shangazi aliweka sikio kwenye mtungi. "Inaongea," alisema.

Jumamosi ilikuwa pombe. Rangi ya udongo wa kichuguu, nzito, bado ina punje laini zinazobaki ulimini. Ilianza na uchachu, katikati ikaja ladha ya nafaka kabisa, mwisho ukali kidogo unaopasha koo. Nilikunywa ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa. Pombe ya namna hii kwa kawaida huwa na kilevi cha asilimia 2 hadi 4, kwa hiyo watu huiita nyepesi. Lakini piga hesabu: kata ya nusu lita yenye asilimia 3 ina mililita 15 za kilevi. Chupa ndogo ya bia ya kiwandani, mililita 330 yenye asilimia 5, ina 16 na nusu. Kata moja ni karibu sawa na chupa moja, na hakuna anayehesabu kata.

Mchana huo tulizunguka, kama ilivyo desturi ya siku za mavuno. Nyumba ya pili walikuwa wamepika ya uwele. Ilikuwa na rangi ya kijivu, laini zaidi ulimini, uchungu kidogo mwishoni kama majani ya mlonge. Nyumba ya tatu mzee mmoja alikuwa na wanzuki, pombe ya asali. Hiyo ilikuwa nyepesi kama maji, tamu ya kudanganya, na nilipoinuka nilijua kwamba magoti yangu yameshapata habari. Ukiniuliza ipi bora, nitasema ya mtama mwekundu ya shangazi, na sitasema hivyo kwa sababu ya undugu tu. Ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho.

Kikombe cha wifi

Jioni wageni walijaa uani kwa shangazi. Wanaume walikuwa upande wa mwembe, wanawake karibu na jiko, michembe na karanga kwenye sinia. Wifi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto amelala mapajani. Mama mmoja jirani, mwenye umri wa shangazi, alijaza kikombe hadi juu, akampelekea kwa mikono miwili.

"Kunywa, mama. Maziwa yashuke."

Mimi nilikuwa na kata yangu ya tatu mkononi. Nikasema kwa sauti ambayo hata wanaume waliisikia, "Hapana, asinywe! Pombe inaingia kwenye maziwa, mnamlevya mtoto!"

Uani kukawa kimya. Mama jirani akabaki ameshika kikombe. Shangazi hakugeuka haraka. Alimaliza kukoroga alichokuwa anakoroga, akaniangalia.

"Wewe ulinyonyeshwa na hiyo hiyo," alisema. "Na digrii umepata."

Wanawake wakacheka, na mimi nikajikuta nacheka nao kwa aibu. Lakini wifi hakucheka. Aliangalia kikombe, akamwangalia mama mkwe wa ukoo, akaniangalia mimi. Kisha akakipokea kwa mikono miwili na akakinywa chote, taratibu, bila kupumzika. Angefanya nini kingine? Mimi ndiye niliyemfanya achague mbele za watu kati yangu na wakubwa wa nyumba aliyoolewa.

Nilichosema kilikuwa kweli. Kilevi kikiingia kwenye damu ya mama kinaingia pia kwenye maziwa, kwa kiwango kinachokaribiana. Tena tafiti zimeonyesha kwamba kilevi hupunguza homoni ya oksitosini, ile inayosukuma maziwa yatoke, kwa hiyo mtoto akinyonya baada ya mama kunywa hupata maziwa kidogo kuliko kawaida. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Haya yote nimeyaandika gazetini. Lakini kweli niliyoipigia kelele, nikiwa na kata mkononi, ilimfanya mzazi anywe kikombe ambacho pengine angekiweka chini kimyakimya.

Usiku mtoto alilia sana. Nilisikia kupitia ukuta, nikainuka, nikamkuta wifi ameketi kitandani na taa ya simu.

"Wifi, samahani kwa jioni," nilimwambia.

"Usijali, wifi." Alinyamaza kidogo. "Mimi mwenyewe naogopa. Kliniki wamesema mwanangu haongezeki vizuri. Maziwa ni machache. Ndiyo maana wananipa."

"Wanakupa tangu lini?"

"Tangu nimetoka hospitali. Asubuhi kikombe, jioni kikombe."

Nilihesabu kichwani. Pombe ya mavuno ilikuwa imeiva siku hiyo hiyo. Wiki tano zilizopita mtama ulikuwa bado shambani. "Hiyo ya kila siku ilitoka wapi?"

"Kilabuni," alisema, kama mtu anayejibu swali la kitoto. "Kilabuni ipo kila siku."

Msimu usioisha

Hapo ndipo nilipouelewa ule utaratibu wa bibi. Zamani za bibi, mzazi aliyejifungua Julai alipata kikombe cha pombe, aliyejifungua Februari alipata uji. Hata kama imani ya kwamba pombe huleta maziwa ilikuwapo, kihenge kiliiwekea mipaka. Leo unga wa mahindi unauzwa dukani, sukari inauzwa dukani, na anayetaka kupika pombe hahitaji kungoja kuvuna. Kilabu hakijui mwezi. Ile ile desturi, bila msimu wake, imekuwa vikombe viwili kwa siku kwa mama mwenye kichanga.

Na si wifi peke yake. Kaka yangu, baba wa mtoto huyo, hakuwa uani Jumamosi ile. Pombe ya mavuno haimtoshi tena. Alianza na viroba tulipokuwa sekondari, vile vya plastiki vya bei ndogo vilivyokuwa vinaingia hata mfuko wa sare ya shule. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, nikaandika shajarani kwamba kaka amepona. Hakuwa amepona. Alihamia kwenye chupa ndogo, na zikikosekana, kwenye gongo, ambayo kisheria ni haramu na haina kipimo. Mara mbili nimewahi kumsindikiza hospitali. Jumapili asubuhi alirudi akaosha uso, akambeba mtoto wake kwa uangalifu mkubwa, akaniuliza habari za Mwanza, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Sikumwambia kitu cha maana. Nilimwambia chai iko tayari.

Nimeandika hili kwa ruhusa yake. Nilipomuuliza kwa simu, alinyamaza, kisha akasema, "Andika, labda wengine watakusikia. Jina usiweke."

Swali kwa shangazi

Jumapili mchana nilimkuta shangazi anaosha mitungi. Nilipiga magoti, nikachukua brashi, nikaanza kusugua wa pili bila kuulizwa.

"Shangazi, jana nilikosa adabu."

"Ulikosa," alisema. Tukasugua. Baada ya muda akasema, "Lakini hukusema uongo. Ulisema pabaya."

Nikamuuliza swali lililokuwa linanizungusha tangu usiku. "Shangazi, kinacholeta maziwa ni mtama au ni kilevi?"

Aliacha kusugua. "Mtama," alisema bila kusita. "Kilevi kinaleta usingizi."

Nikamweleza ninachokijua. Watafiti wameona kwamba kuna kitu ndani ya nafaka kama shayiri kinachoweza kuamsha prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, na kwamba bia isiyo na kilevi hukibeba vilevile. Kwa hiyo wazee hawakuota tu. Waliona jambo, wakalipa sifa kinywaji chote, wakati pengine mwenye kustahili sifa ni nafaka na maji mengi ambayo mama anakunywa pamoja nayo. Kilevi kinarudisha nyuma kile ambacho nafaka inajaribu kupeleka mbele.

"Basi apewe ya Alhamisi," shangazi alisema.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Ya Alhamisi ni togwa, siku ile ile kimea kinapotiwa, kabla mtungi haujaanza kuongea. Hakuhitaji mimi nimletee dawa kutoka mjini. Kilichohitajika ni kuchota kwenye sufuria ile ile siku mbili mapema.

Jioni hiyo alipika sufuria ndogo pembeni kwa kimea kilichobaki, akaichuja ikiwa bado vuguvugu. Alimpelekea wifi mwenyewe, kwa mikono miwili, mbele ya yule mama jirani. "Hii ndiyo ya mzazi," alisema. "Ile nyingine ni ya sisi wazee." Mama jirani akaionja kwanza, akatikisa kichwa kukubali, akaomba abakiziwe ya mjukuu wake. Hakuna aliyetaja oksitosini.

Nilimweleza wifi pia yale ambayo togwa peke yake haiwezi kuyafanya: mtoto anyonye mara nyingi, usiku na mchana, kwa sababu maziwa hutengenezwa kadiri yanavyonyonywa. Asipewe maji wala kitu kingine hadi miezi sita itimie. Na arudi kliniki, muuguzi amwangalie anavyompakata, maana mtoto akishika chuchu tu bila kushika sehemu nyeusi inayoizunguka, atanyonya saa nzima na bado atalia njaa. Jumatatu asubuhi tulikwenda wote watatu, mimi, yeye na shangazi. Muuguzi alimgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, akamsogeza kidevu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimsikia yule mtoto akimeza.

Mchana nikapanda basi kurudi Mwanza. Shangazi alinifungia michembe, karanga na chupa ya lita moja niliyodhani ni togwa. Nilipoifungua Mwigumbi ilikuwa pombe, na safari nzima ilikuwa inasukuma kifuniko. Sikuitupa, ila sikuimaliza.

Mwishoni mwa Agosti shangazi alipiga simu. Mstari kwenye kadi ya mtoto umepanda. Sijui ni togwa, ni ule mkao mpya wa kunyonyesha, au ni kuachwa kwa vile vikombe viwili vya kilabuni. Nadhani ni vyote, na anayenyonyesha nyumbani kwako hahitaji kungoja nijue. Mtama wa pombe umekwisha, alisema, mitungi imeoshwa na kufunikwa, kihenge bado kimejaa.

Nikamuuliza kuhusu kaka.

"Jana alikuwa nyumbani," alisema. "Leo sijui."

Nimeomba likizo Julai ijayo. Nitapeleka tena kilo mbili za sukari, za chai.